Nyasi za Punda wa Chama

Mlangoni mwa banda la magurudumu, katika karakana ya mabehewa hapa Tabora, pananing'inia kipande cha reli chenye urefu wa mkono wa mtu mzima. Kikigongwa kwa boliti kinasikika hadi nje ya uzio. Kwa miaka mingi, kila Alhamisi ya kwanza baada ya mshahara, aliyekigonga alikuwa mtu mmoja tu, na alikigonga taratibu, kama anayebisha hodi kwenye nyumba yenye mgonjwa. Nasi huku tukifuta grisi mikononi tuliambiana: Mweka Hazina anaita.

Jina alikuwa nalo, ila lilikaa kwenye orodha ya mishahara na kwenye kitabu cha kanisa. Sokoni aliitwa Mweka Hazina. Mkewe, mtu akienda kumuulizia nyumbani, alijibu kwamba Mweka Hazina yuko nyuma anapanda mihogo. Hata baada ya cheo kumtoka, jina hilo lilibaki naye. Nami nitamwita hivyo hivyo.

Kazi yake ya kuajiriwa ilikuwa useremala wa mabehewa. Alitengeneza mbao za sakafu, viti, na fremu za madirisha. Alikuwa mrefu, mwembamba, na alitembea akiwa ameinama kidogo upande wa kulia, upande ambao kwa miaka yote alikuwa akichungulia kama ubao umenyooka. Alikuwa na tabia hiyo hata kwa watu. Ukimweleza jambo alikuinamia hivyo, jicho moja limefinywa, mpaka ukaanza kujiuliza kama na wewe umepinda mahali.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuwa kwenye chama cha wafanyakazi, nieleze kidogo mambo ya pesa zake. Si magumu. Kila mwezi, kabla mshahara haujakufikia, ada ya chama inakatwa. Inakwenda makao makuu, huko mbali, kisha sehemu yake inarudishwa kwenye tawi, yaani kwetu sisi tunaofanya kazi mahali pamoja. Sehemu hiyo inalipa nauli ya mjumbe anayetumwa kwenye mkutano, inalipa chai ya vikao, lakini kazi yake kubwa ni msiba. Wengi wa wafanyakazi wa karakana hawakuzaliwa mjini. Wametoka Urambo, Kaliua, Usinge na mbele ya huko. Mmoja akifa, lazima litafutwe jeneza, likodishwe gari, wapatikane watu wa kumsindikiza, na mjane asifike kwa wakwe mikono mitupu. Kwa hiyo kila mmoja wetu alikuwa na safari yake moja ndani ya lile sanduku la bati. Lilikuwa na kufuli mbili, ufunguo mmoja wa Mweka Hazina na mwingine wa mwenyekiti wa tawi, lisifunguliwe na mtu akiwa peke yake.

Mweka Hazina aliona safari hizo. Sisi tuliona sanduku.

Usomaji wake wa hesabu sijauona mahali pengine popote. Hakusoma mfululizo. Alisoma kipengele kimoja, tuseme sanda na mbao za jeneza la fulani, kisha akashusha karatasi na kusema: "Kambi." Hapo alinyamaza. Alituangalia kona moja ya banda, kisha nyingine, kisha wale wa mlangoni ambao daima walikuwa na haraka. Kama hakuna mkono ulioinuka, ndipo aliendelea.

Neno hilo alilitoa kwenye habari za misafara. Reli yetu imefuata kwa sehemu kubwa njia ile ile ambayo wapagazi walipita na pembe za ndovu na marobota ya nguo, na kwa watu wa hapa habari hizo bado ni za nyumbani. Yeye alishikilia kwamba msafara ukifika kambini, hakuna mpagazi aliyeruhusiwa kukaa chini kabla kila mmoja hajagusa mzigo wake mwenyewe na kusema uko salama. Kama ni kweli au alijitungia sijui, na nilipomuuliza alinijibu kwamba hata kama si kweli walipaswa kufanya hivyo. Basi kila kipengele kilikuwa kambi, na kila kambi tulipaswa kugusa mzigo.

Alipenda maswali kuliko asali, na asali aliipenda kupita kiasi. Aliweka chupa yake ndogo kwenye sanduku la randa, akachovya kidole katikati ya kazi kama mtoto. Mtu akiuliza swali zuri kwenye usomaji, siku ya pili alimkuta kwenye benchi yake ya kazi na kumsogezea ile chupa bila kusema neno. Tuliita hiyo posho ya kuuliza. Kuna mpaka rangi mmoja, mwenye domo na utani, aliyeuliza maswali ya kipuuzi makusudi ili apate asali. Mweka Hazina alimjibu yote, moja moja, kwa heshima ile ile aliyomjibu mhandisi. Nilipomwambia kwamba anachezewa, alisema yule ndiye mwanachama wake bora, maana ameshaizoea njia ya kunyanyua mkono, na siku moja ataunyanyua kwa jambo la kweli.

Hapa niseme na upande wake mwingine, nisije nikamchonga akawa mtakatifu. Huyu mtu aliyejua risiti ya misumari ya mwaka juzi iko wapi, pesa zake mwenyewe hakuziweza kabisa. Alimkopesha yeyote aliyemsalimia kwa sauti ya huzuni, kisha akasahau amemkopesha nani. Mshahara wake aliukabidhi kwa mkewe siku hiyo hiyo, na mkewe alimpa ya sukari na ya kunyolea. Mara moja alinunua redio mbovu kwa mtu mmoja pale stendi, akarudi wiki iliyofuata kununua nyingine kwa mtu yule yule, kwa sababu, alisema, jamaa alionekana amejuta. Mkewe alisimulia hili mbele yake, tukiwa tumekaa kwao tunakula viazi vitamu, naye akawa anachungulia sahani yake kama ubao.

"Za watu anazilinda kama jeshi," mkewe alisema. "Za kwangu anazigawa kama askofu."

"Za watu nitaulizwa," alijibu.

"Na mimi sikuulizi?"

"Wewe unaniuliza, mama. Ndiyo maana nakupa wewe uzishike."

Hasira alikuwa nazo pia, na zilikuja mahali ambapo hukuzitegemea. Ukimtukana alicheka. Ukimsifu alikunja uso. Makofi ndiyo yaliyomchukiza zaidi. Alisema makofi yanafunika swali la mtu anayesita, kwamba kuna mtu pale nyuma anayetafuta maneno, na kelele zetu zinampa ruhusa ya kukaa chini.

Na makofi ndiyo yaliyotujia. Yalikuja polepole, kwa upendo. Miaka ilivyokwenda na sanduku lisipungue hata shilingi, na kila msiba ukapata gari lake kwa wakati, tulianza kumuona kama saa ya ukutani. Nani anaiuliza saa ya ukutani? Alhamisi watu wakaanza kubaki nje kwa muuza kahawa, mzee mmoja wa mjini mwenye kofia ya kufuma, ambaye alikaa getini na buli lake la shaba na kashata. Waliobaki ndani walipiga makofi kabla hajamaliza. Akisema "Kambi," sauti fulani ilijibu, "Twende tu, mzee, tunakuamini."

Siku moja neno hilo lilimgeuza. Aliweka karatasi chini na kutuambia habari za tawi jingine, mbali na hapa, ambalo hakulitaja. Walikuwa na mweka hazina waliyempenda kama tunavyompenda yeye. Wakaacha kumuuliza. Alipoondoka aliondoka na kila kitu, na mwezi uliofuata mwenzao alipofariki, mjane alikaa na maiti hospitalini akipiga simu kwa ndugu mmoja mmoja. Alisema yule mtu huenda hakuanza akiwa mwizi. Alianza akiwa hajaulizwa.

Tulisikiliza kwa huzuni. Kisha, Mungu anisamehe, tukapiga makofi.

Ndipo akaja punda.

Mwezi uliofuata alisoma kama kawaida: sukari na majani ya chai, nauli ya mjumbe, sanda, halafu, kwa sauti ile ile, nyasi za punda wa chama. "Kambi," akasema, akatuangalia kona moja, kona ya pili, na mlangoni. Hakuna mkono. Akaendelea. Tukapiga makofi, tukaenda nyumbani.

Chama chetu hakikuwa na punda. Hakijawahi kuwa na punda. Sisi ni mafundi wa mabehewa.

Mwezi wa pili alisoma nyasi za punda na kamba mpya ya punda. Makofi. Mwezi wa tatu alisoma nyasi, na dawa ya punda, maana alikuwa amepata kikohozi. Hapo fundi mmoja wa kuchomelea, mtu mpole wa Ipuli aliyekuwa amesimama karibu nami, alitikisa kichwa na kusema, "Pole yake." Nakumbuka nilifikiri kwamba kweli, baridi ya Juni ni mbaya kwa wanyama. Nikapiga makofi pamoja na wenzangu.

Mwezi wa nne watu ndani ya banda walikuwa wachache, na kati yao alikuwepo mfanyakazi mpya, mama mmoja wa Usinge aliyeajiriwa kusafisha mabehewa. Alikuwa bado hana rafiki karakanani. Alikuwa amekodi kishamba Ntalikwa, amevuna, na mahindi yake yalikuwa bado huko. Mweka Hazina alisoma nyasi za punda, akasema kambi, na mama yule akainua mkono.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mimi mgeni. Naomba msamaha kama swali langu si la hapa."

"Likishaingia ndani ya banda hili ni la hapa. Uliza."

"Huyu punda wa chama, nasikia sasa amepona. Mimi nina magunia yangu sita Ntalikwa, na mwenye mkokoteni ananitajia bei ya kuninyonga. Kwa kuwa nakatwa ada kama wenzangu, naomba Jumamosi nimtumie. Nyasi nitampa mwenyewe."

Kisha yule mpaka rangi mwenye domo alianza kucheka, akacheka mpaka akashika gurudumu. Mwenyekiti, fundi wa breki wa ukoo wa zamani wa mjini, mtu mwenye heshima zake na suruali yenye mstari wa pasi hata karakanani, aligeuka taratibu.

"Punda yupi?"

Mweka Hazina alivua miwani. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepokea mgeni aliyemsubiri tangu asubuhi. Akamjibu yule mama kwanza, kama desturi yake: "Chama hakina punda, mwanangu. Samahani kwa mahindi yako. Wabeja, asante sana kwa kuuliza."

Kelele zilizofuata hazikuwa za kucheka. Watu walipiga hesabu vichwani, ya miezi minne ya nyasi, kamba na dawa, wakafika kwenye neno moja, na neno hilo likasemwa kwa sauti kutoka nyuma: mwizi. Mwenyekiti alikuwa ameingiwa na hofu, kwa sababu kila mwezi alifungua kufuli yake huku akiongea na simu, bila kuuliza pesa inatoka kwa ajili ya nini. Mweka Hazina hakujitetea. Alimwomba mtu aende getini akamwite muuza kahawa.

Mzee wa kahawa aliingia akilalamika kwamba makaa yake yatazimika. Kutoka chini ya sinia la kashata alitoa bahasha nne zilizofungwa, kila moja imesainiwa juu ya gundi. Alisema amepewa azitunze, akaambiwa azitoe siku atakayoitwa na si kabla, na kwamba hajui kilichomo na wala hakutaka kujua, ila moja imemwagikiwa kahawa na anaomba radhi. Mwenyekiti alizifungua mbele yetu. Zilikuwa pesa za punda, zote.

Ungedhani hapo tungefurahi. Wachache walifurahi. Wengi waliona aibu, na aibu kwa watu wazima hugeuka hasira upesi. Yule mchomeleaji mpole aliyesema pole alisimama. "Mzee, umetuchezea. Mimi nilimhurumia yule mnyama." Hakuna aliyecheka. Mweka Hazina alisema kweli, amemkosea, na anamwomba msamaha yeye kabla ya wengine.

Mwenyekiti aliliona lango la kutokea. Alisema pesa ziko zote, funzo tumelipata, tucheke, twende nyumbani, mwezi ujao ni mwingine. Makofi yakaanza. Mweka Hazina aliinua mkono, mkono wa mwanachama anayeuliza, akasubiri mpaka kukatulia.

"Sheria ya tawi inasema nini juu ya mtu anayesoma hesabu ya uongo?"

Mwenyekiti alijua, tulijua sote. Anaachia nafasi. Tulikuwa tumeipitisha wenyewe, na aliyeipendekeza alikuwa Mweka Hazina mwenyewe.

"Lakini wewe hukuiba, mzee."

"Sheria haisemi kuiba. Inasema kusoma uongo, na mimi nimesoma uongo mara nne mbele yenu. Leo mkinisamehe kwa kuwa ni mimi, kesho mtamsamehe mwingine kwa kuwa ni yeye. Mwenyekiti, usinifanyie hivyo."

Aliweka ufunguo wake juu ya meza ya mashine ya magurudumu. Kisha alitembea, ameinama upande wake wa kulia, akaja kukaa katikati yetu, kwenye ubao, kati ya mpaka rangi na yule mama wa Usinge. Sikuwahi kumuona amekaa upande ule. Mwenyekiti, kwa kukosa la kufanya, aliendelea na ajenda iliyobaki, ambayo ilikuwa juu ya nauli ya mjumbe wa mkutano wa kanda. Mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa Mweka Hazina. Alitaka kujua kwa nini mjumbe aende kwa basi wakati sisi ni watu wa reli.

Miezi iliyofuata haikuwa rahisi kwake. Nafasi aliiachia mwenyewe, lakini aliipenda, na mkewe aliniambia kwamba Alhamisi za usomaji alirudi nyumbani akakunja shati lake, akalikunjua, akalikunja tena. Watu wengine walimnunia. Mchomeleaji alibatizwa Daktari wa Punda, jina ambalo alistaafu nalo, na kwa muda mrefu alipishana na Mweka Hazina akitazama pembeni. Mimi mwenyewe, karani wa stoo, nimebishana na nafsi yangu miaka yote kama alifanya sawa. Alitudanganya ili tujifunze kutodanganywa. Mtu akinilazimisha kujibu, nitasema alikosea, na kwamba hakuna mtu mwingine pale ambaye angekosea kwa ajili yetu kwa gharama ile. Mahindi ya mama wa Usinge aliyabeba yeye, kwa baiskeli yake, gunia moja moja, jioni sita.

Usomaji ulichangamka. Kwa miaka kadhaa hakikupita kipengele bila mkono. Mweka hazina aliyefuata alijibu mpaka sauti ikamkauka, na mtu akisoma jambo lisiloeleweka, yeyote pale nyuma alilia kama punda. Kisha wazee wakastaafu, vijana wakaja, wakati ukafanya kazi yake. Zamu ya kushika ufunguo ilipofika kwangu, nilijiona nimeleta maendeleo. Niliacha kugonga reli. Hesabu nilizituma kwenye kundi la simu, zimepangwa vizuri, na picha za risiti. Dakika chache tu, madole gumba yanajaa, na mikono ya kushukuru, na maua.

Mwaka huu, baada ya mvua, nilikwenda kumsalimia. Siku hizi anakaa Itetemia, kwenye kiwanja alichojenga kwa mafao yake, karibu na mahali ambapo wenyeji wanasema njia ya zamani ya misafara ilipita. Nilimkuta nyuma ya nyumba, mzee kweli sasa, akikata nyasi kwa mundu. Mbele yake alisimama punda. Punda wa kijivu, wa kweli, sikio moja limechanika, akinitazama kama anayenidai maelezo.

Nilimsalimia mzee, shikamoo, akaniitikia, na wote watatu tukanyamaza. Mwishowe nilishindwa.

"Mzee. Huyu ni nani?"

"Umechelewa kuuliza," alisema, "lakini umeuliza." Akacheka mpaka akalazimika kukaa. Kisha alinieleza kwamba alipopata mafao alifikiri sana. Alikuwa amemtaja punda mbele ya watu, akamnunulia kamba, akamtibu kikohozi. Hakutaka kufa na punda wa uongo. Akamnunua huyu kwa mfugaji mmoja, kwa bei ya kawaida, kwa kuwa mkewe ndiye aliyelipa. Mama wa Usinge humtumia Jumamosi, wakati wa mavuno. Ana shamba lake mwenyewe sasa.

Alinipa asali na muhogo wa kuchemsha, akaniuliza habari za tawi. Nilimwonyesha simu. Nilijivuna kidogo, sitaficha. Alivaa miwani, akashusha orodha kwa kidole chenye kovu la randa, kipengele kwa kipengele, akapita madole gumba yote mpaka mwisho.

"Nzuri," alisema. "Risiti zinasomeka kabisa. Na hapa ni wapi wameuliza?"

"Hawajauliza, mzee. Wameridhika."

"Tangu lini?"

Nilianza kuhesabu, nikaacha. Hakunikunjia uso. Ningependa angenikunjia. Alinirudishia simu, akanigonga begani kama anavyogonga ubao anaoutaka.

"Kazi yako ni safi, mwanangu, usikate tamaa. Una kila kitu isipokuwa wao."

"Nifanye kama ulivyofanya wewe?"

"Usithubutu. Mimi nilisema uongo, nikalipa. Wewe sema kweli tupu." Alifungua kamba kwenye kigingi, akanishikisha ili punda anizoee. "Alhamisi mchukue huyu. Kagonge reli, wasomee wamesimama mbele yako, naye asimame pembeni yako. Usimtaje hata mara moja. Jumamosi umrudishe, kuna mahindi."

Basi Alhamisi hiyo nilitembea kutoka Itetemia hadi karakanani na punda nyuma yangu, na watu njiani wakinisalimia kwa uangalifu, kama unavyomsalimia mtu aliyepata matatizo. Mlinzi wa getini alitaka kibali. Nilimwambia ni mgeni wa chama. Nikaokota boliti, nikagonga reli, taratibu. Walitoka kwenye mabanda yao wakishangaa, simu mkononi, wengi hawakuwa wamewahi kusikia mlio ule ukiwaita wao.

Nilisoma sukari na majani ya chai. Nikasema kambi, nikaangalia kona moja, kona ya pili, mlangoni. Nikasoma jeneza. Nikasema kambi. Punda alipiga kwato kwenye sakafu ya saruji. Nikasoma nauli. Moyoni nilikuwa nikimwambia yule mzee kwamba wakati umepita, watu si wale, nisamehe.

Ndipo dada mmoja wa kitengo cha umeme, mgeni kwetu, jina lake bado nilikuwa nalichanganya, aliinua mkono, akaushusha, akauinua tena.

"Samahani. Sijui kama naruhusiwa. Ila huyo punda simwoni popote kwenye hesabu uliyosoma. Nani anamlisha?"

Niliweka karatasi chini, nikaanza kumjibu.